Ua Dume Lipo kwa Jirani

Novemba 2

Naandika kwa sababu nikisema naambiwa nina mdomo. Karatasi hainiambii hivyo.

Nimerudi leo kutoka Klaten, nilikokuwa nikimuuguza dada yangu tangu katikati ya kiangazi. Dada amepona, anatembea, ameanza tena kugombana na wauza mboga, basi nikafunga mzigo nikaja zangu. Nimefika mchana, nikaweka kikapu mlangoni, nikaenda shambani kabla hata ya chai. Mimi na misalaki yangu, miti yangu ya salaki, hatujawahi kuachana muda mrefu namna hii tangu tulipoipanda upya baada ya mlima kututapikia majivu.

Kwa mbali lilipendeza. Makuti makavu yamekatwa, majani yamefukiwa mitaroni, magugu hakuna. Nikasema moyoni, mume wangu leo kanishangaza. Halafu nikafika kona ya juu, penye miti yangu dume minane, nikakuta visiki.

"Baba Ratmi," nikamwita. "Miti yangu dume iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Umeitoa ukaipeleka wapi?"

"Mama Ratmi, inakula mbolea, inakunywa maji, inachoma watu miiba, na tangu tuipande haijatupa hata tunda moja. Nimepanda miche jike mahali pake. Ipe miaka mitatu, utanishukuru."

Jamani. Mtu aliyezaliwa kwenye msalaki, aliyeota meno kwa kuguguna salaki, ananiambia mimi dume halizai. Msalaki ni kama mpapai, kuna jike na kuna dume. Jike ndiye anayebeba yale matunda yenye ganda la magamba kama ya nyoka. Dume kazi yake ni ua, na ua lake kazi yake ni chavua, ule unga wa manjano unaobaki vidoleni ukiligusa. Unga huo usipolifikia ua jike, ua linanyauka, linakuwa jeusi, na hapo hakuna tunda. Dume ana kazi moja tu, ila hiyo moja hakuna wa kumshikia.

"Najua," akasema. "Maua dume tutaomba kwa jirani, Pak Sarijo. Si kila mtu huomba?"

Hilo ni kweli, na ndilo linaloniudhi zaidi. Hapa kwetu ua dume haliuzwi. Unapenya kwenye uwazi wa uzio, unabisha hodi, unaomba, unapewa, unarudi. Kumuuzia jirani ua dume ni kama kumuuzia kaa la moto. Lakini kuomba mara moja moja ni jambo jingine, na kung'oa vya kwako ukijua utaomba milele ni jambo jingine.

Novemba 3

Sijasema naye. Amekula tempe baridi, soya iliyochachuka ya jana.

Novemba 5

Sasa nimeelewa, au nadhani nimeelewa.

Amekuja Hartoyo, mdogo wake Baba Ratmi. Huyu ana magari ya wazi yanayowazungusha wageni mlimani kutazama mawe yaliyomwagwa na volkano. Kaja na bango la plastiki refu kama mkeka wa msibani, akalitundika kwenye lango letu: KAHAWA NA MAEGESHO. Nikamuuliza, kahawa ya nani, maegesho ya nani.

"Shemeji, kumbe kaka hajakwambia?"

Kaka hakuwa ameniambia. Kaka alikuwa anatazama kuku.

Nilipokuwa Klaten, ndugu hawa wawili walikaa wakapatana. Ardhi ni ya marehemu baba yao, mimi ni mke tu, nimeikuta. Msimu huu shamba likizaa, linabaki shamba. Lisipozaa, mwezi wa kwanza Hartoyo analikodi, anang'oa kila kitu, anamwaga kokoto, magari yake yanalala humo.

"Misimu miwili mfululizo shamba limekuwa hovyo, shemeji," Hartoyo akasema. "Hata wewe umechoka. Kaa barazani, uza kahawa, tazama wageni."

"Nikitaka kutazama watu nitakwenda sokoni."

Akacheka. Hartoyo huwa anacheka ukimtukana, ndiyo maana hakuna anayeweza kugombana naye hadi mwisho.

Mimi si mjinga. Mtu anakata miti dume kwanza, halafu anaahidi kwamba shamba lisipozaa analikodisha. Hata kuku wangu wangeunganisha hayo mawili. Nimeishi na Baba Ratmi tangu binti yetu Ratmi, ambaye sasa kaolewa Surabaya, hajazaliwa. Sikuwahi kumwona mjanja. Leo nilimwangalia akimenya karanga, nikajiuliza kama ujanja ulikuwamo siku zote nikawa siuoni.

Novemba 9

Mvua. Paa la jiko linavuja palepale.

Novemba 12

Sehemu ya juu ya shamba imeanza kufunguka. Ua jike linatoka kifuani kwa mti, kati ya pongoo, vile vikonyo vya makuti, limefunikwa na karara, ule mfuko wake. Karara ikichanika unaona ndani wekundu, kama mdomo wa mtoto aliyekula tambuu. Likiwa hivyo lipo tayari. Linangoja siku mbili tatu, halafu linajifunga, na baada ya hapo uliletee chavua ya nchi nzima, halitaki.

Nikapenya uzio kwa Pak Sarijo. Nilimkuta ananoa mundu.

"Karibu, Mama Ratmi. Nilikuwa najiandaa kuja kwenu."

"Kwetu kuna nini?"

"Kuomba ua dume. Maua yangu jike yamefunguka tangu jana."

Nikakaa kwenye gogo lake bila kukaribishwa. "Pak Sarijo, na miti yako dume?"

"Niliing'oa baada ya Idi. Nikasema, Mama Ratmi anayo minane, ya nini kujaza shamba?" Akanitazama usoni, akaacha kunoa. "Mbona kimya? Usiniambie."

"Baba Ratmi naye kaing'oa. Kasema wewe unayo."

Tukakaa hapo wawili, tunasikiliza maji ya mfereji. Mkewe akaleta chai, akatuona, akadhani kuna msiba.

Nimezunguka njia nzima hadi jioni. Kila nyumba jibu ni lile lile: tumepunguza, tukajua kwa jirani ipo. Watu wa njia moja, wanaosalimiana asubuhi na jioni, wanaojua nani kaharisha na nani kanunua jiko jipya, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kabla ya kushika panga. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wanasema. Hawajasema anakuwaje mtu ambaye nduguye naye anamtegemea yeye.

Miti dume imebaki kwa mtu mmoja tu. Sitamwandika leo, nimechoka.

Novemba 13

Haya, nimwandike. Bu Jumirah, mjane, nyumba ya mwisho kabla ya mto. Shamba lake halipogolewi, halipaliliwi, makuti yanaburuta chini, ukiingia unatoka umechanika. Alipanda kwa mbegu badala ya miche ya ubavuni, ile inayochipua kando ya mti mzima, na mbegu ya msalaki haisemi itakuwa jike au dume hadi siku itoe ua. Yake ilitoka dume nusu nzima. Watu wakamcheka, wakaliita shamba lake kambi ya jeshi. Sikulianzisha jina hilo mimi, ila nimelitumia.

Kwangu shida si shamba lake. Shida ni wali. Kwenye shughuli za kijiji, wanawake tukienda kupika kwa mwenye shughuli, wali wa mvuke ulikuwa wangu. Kila mtu anajua, anayeshika wali ndiye mwenye jiko. Siku ya arobaini ya mama mkwe wa Sarijo, kuni zilikuwa mbichi, sufuria moja ikashika moto chini. Moja tu. Bu Jumirah, aliyekuwa mkuu wa jiko siku ile, akasema mbele ya wanawake wote, kwa ile sauti yake ya chini, "Mama Ratmi, pumzika kidogo, njoo huku kwenye vitunguu." Tangu siku ile mimi ni wa vitunguu. Miaka mitatu namenya vitunguu na kulia, na watu hawajui nalia kwa lipi.

Kwake siendi.

Novemba 14

"Nenda kwa Bu Jumirah," Baba Ratmi kasema.

"Nenda wewe uliyekata."

"Mjane anaishi peke yake, mimi naingiaje? Watu watasema."

"Ulipokata hukuogopa watu kusema."

Akaenda kulisha kuku waliokwisha kula.

Novemba 16

Nimekwenda ng'ambo ya bonde kwa binamu yangu, ana miti dume miwili. Kanipa shada moja zuri, chavua inamwagika yenyewe. Nikalifunga kwenye jani la mgomba, nikalifunga na mfuko, nikapanda bodaboda. Mvua ikatukuta kwenye daraja, mvua ya kulala upande. Kufika nyumbani nikafungua, ndani mna uji. Chavua ikilowa imekwisha, haina tofauti na unga uliodondokea kwenye ndoo ya maji.

Nililipakaza hivyo hivyo. Nilijua ni upuuzi, lakini mikono ilitaka kufanya kitu.

Novemba 17

Mvua.

Novemba 18

Mvua. Hartoyo kapita kuona kama bango limelegea. Kalikaza kamba.

Novemba 22

Sehemu ya juu imekufa. Sio miti, miti ipo, inameta kwa mvua. Maua. Nimepita mstari kwa mstari, nikiinua makuti kwa fimbo, nikichungulia kila kifua. Yote meusi. Ukiligusa linabaki mkononi kama tambara lililooza.

Nilikaa chini, kwenye tope, sikujali kanga. Nikalia, na safari hii hapakuwa na kitunguu.

Niliwaza hivi. Mzizi umefanya kazi yake, umeshika udongo huu wa majivu na kunyonya maji usiku na mchana. Upongoo umefanya kazi yake, umeinua kuti juu ya kivuli cha mwenzake. Jani ndilo jiko la mti. Linachukua jua na maji na hewa linapika, linalisha nyumba nzima, na lilipika vizuri mwaka huu, angalia lilivyo kijani. Mwiba umefanya kazi yake, mikono yangu shahidi. Hata karara, ambayo haijulikani na mtu, imelifunika ua lilipokuwa changa na kupasuka siku yake ilipofika. Kila kiungo kimefanya kilichotumwa. Mti mzima umejipanga kama wanawake jikoni, kisha ukasubiri unga kidogo tu, na unga ulikuwapo, nyumba ya mwisho kabla ya mto. Aliyeshindwa kutembea hatua hizo ni mimi. Mimi ambaye nilimfokea mume wangu kwamba hajui kazi ya dume.

Hata hivyo nimemkasirikia vilevile. Hasira zinaenea.

Sehemu ya chini, karibu na mfereji, huchelewa kwa sababu ya kivuli. Karara za huko zimeanza kuchanika leo.

Novemba 24

Nimekwenda. Nimevaa kanga safi kama naenda kuposa.

Bu Jumirah alikuwa jikoni kwake, anakuna nazi. Hakuinuka. "Kaa, Mama Ratmi. Chai iko hapo."

Nikakaa. Nikanywa. Nikasifu chai. Nikauliza habari za miguu yake. Akajibu miguu ipo. Kisha nikasema, "Nimekuja kuomba ua dume."

Akaelekeza kidole juu ya jiko. Juu ya moto, pale wengine tunapotundika mahindi ya mbegu, palikuwa na mashada ya maua dume yamening'inia kwa kamba, makavu, ya manjano. Matatu yalikuwa mazima. Mengine mawili yalikuwa yamenyauka, yamebaki vijiti.

"Hayo mawili yalikuwa ya kwako pia," akasema. "Nilisikia siku ile ulipozunguka njia nzima. Nikasema atamalizia kwangu. Nikakata, nikatundika yasilowe. Sikukuona. Nikakata mengine."

"Kwa nini hukuniletea?"

"Kwani wewe ungenifungulia?"

Angekuwa mtu mwingine angenisaidia kwa kujibu yeye. Bu Jumirah akaendelea kukuna nazi.

"Pak Sarijo kachukua jana," akasema baadaye. "Wote wamekuja. Kambi ya jeshi imepata wageni." Kumbe jina analijua. Nikatazama chai yangu.

Aliponipa mashada, akanifungia yeye mwenyewe kwa kitambaa, taratibu, kama anamfunga mtoto mgongoni. Mlangoni akasema, "Jumamosi ya wiki ijayo nyumba ya Sarijo wana shughuli. Njoo jikoni."

"Kwenye vitunguu?"

"Kwenye vitunguu."

Mwanamke huyu.

Novemba 25

Tangu alfajiri nipo sehemu ya chini. Unainua makuti kwa fimbo yenye kulabu, unaingiza mkono katikati ya miiba, unakung'uta ua dume juu ya ua jike polepole hadi wekundu ugeuke manjano. Halafu unavunja kijiti kimoja cha lile dume, unakiacha humo. Halafu unafunika, maana tone moja la mvua linaosha kazi yote. Mimi hufunika kwa kipande cha jani la mgomba, nafunga na uzi.

Kufika adhuhuri upepo ukaja kabla ya mvua, ukayapasua majani yangu yote mbavu. Nikakimbia nyumbani kutafuta mifuko ya plastiki. Hakuna, kwa sababu mtu fulani kaitumia kufungia vifaranga. Nikamwita Baba Ratmi. Hayupo. Nikamwita tena hadi Pak Sarijo akaitika yeye. Mawingu yalikuwa yameshafika kwenye mnazi wa msikitini. Nilifunika mawili kwa kilemba changu, moja kwa kikombe cha chai, na radi ikapiga.

Nimerudi ndani natetemeka. Nimesema maneno juu ya mume wangu ambayo hata hapa siyaandiki. Kama alitaka maegesho, kayapata.

Novemba 26

Homa. Nimelala siku nzima. Baba Ratmi kaniletea uji na tangawizi. Nilimgeuzia mgongo.

Novemba 27

Leo nimeinuka, nikashuka shambani kwa kushika uzio, ili nizione maiti kwa macho yangu.

Kila ua lilikuwa na kofia.

Si majani. Plastiki nene, nyeupe na nyekundu, imekatwa vipande vya viganja viwili, imekunjwa kama karatasi ya karanga, imefungwa kwa kamba. Mti wa kwanza kofia yake ina K. Wa pili ina nusu ya herufi sikuitambua. Niliendelea kuinua makuti, na kila nilipoinua kulikuwa na herufi au kipande cha kikombe cha kahawa kilichochorwa kwa rangi. Nikapenyeza kidole chini ya moja. Pakavu. Kidole kikatoka na manjano.

Nilipanda hadi langoni. Bango halipo, zimebaki ncha za kamba.

Baba Ratmi alikuwa barazani, mikono yote miwili imechubuliwa na miiba hadi kwenye viwiko. Siku ile niliyokuwa nikimwita, alikuwa langoni anakata, akashuka kuyafunika maua mimi nilipoingia ndani, kabla mvua haijashika.

"Bango la Hartoyo liko wapi?" nikamuuliza.

"Upepo," akasema, akanywa chai.

Niliketi karibu naye. Nilitaka kumwambia nilichomdhania tangu siku ya bango, kisha nikaona hajui kuwa nilimdhania, na haina haja ajue. Hakuwa mjanja. Alikata miti kwa sababu wenzake walikata, na akampa mdogo wake ahadi kwa sababu hajawahi kumnyima mtu kitu mbele ya uso wake. Hiyo ndiyo shida yake tangu anioe, nami niliisahau kwa sababu ya hasira.

Ila kofia kazifunga kwa kubana mno, hewa haipiti, maua yataoza kwa jasho. Nimerudi kulegeza kamba zote, moja moja.

Desemba 6

Shughuli kwa Sarijo. Vitunguu. Wali wa mke wa Mugiyo, ambaye ndiye anayeushika siku hizi, umeungua, si sufuria moja, mbili. Bu Jumirah akanitazama, mimi nikaendelea kumenya. Nimelala usingizi mzuri.

Desemba 19

Tumetoa kofia zote wiki iliyopita. Leo nimeona vichwa vidogo vya kahawia vimejipanga mle ndani, na magamba yake tayari, kama kidole cha mtoto cha mwisho. Sehemu ya chini karibu yote imeshika. Sehemu ya juu ni majani matupu, mazuri, hayana maana.

Nusu shamba. Sijui nusu inaitwaje kwa ndugu hawa wawili. Nimemuuliza Baba Ratmi. Kasema, "Tutaona."

Desemba 20

"Tutaona" ndilo neno ninalolichukia kuliko yote.

Januari 4

Hartoyo kaja na fundi na kamba ya kupimia. Nilimtembeza mwenyewe. Nikamwinulia makuti ya chini, akaona matunda. Kisha yeye akanyoosha kidole juu, akaniinulia makuti ya juu, nikaona nisichotaka kuona.

"Shemeji, sema kweli. Hii ni nusu."

"Ni nusu."

"Mwaka juzi hovyo, mwaka jana hovyo, mwaka huu nusu. Kaka aliniahidi. Shamba likizaa."

"Limezaa."

"Nusu shamba si shamba. Kaka yuko wapi?"

Kaka alikuwa langoni. Tulimkuta na jembe, amechimba shimo katikati kabisa ya njia ya kuingilia, pale ambapo fundi alikuwa ameshapigilia vigingi vyake viwili. Pembeni, umefungwa kwenye gunia lenye maji, mche wa ubavuni kutoka kwa Bu Jumirah, mizizi yake imefunikwa kwa udongo wa kwake. Mimi mwenyewe nilimfuata mama yule wiki iliyopita kuuomba. Nilidhani tutaupanda kona ya juu.

"Kaka, hapa ndipo gari linapoingilia," Hartoyo akasema.

"Ndiyo."

"Sasa unapanda nini?"

"Dume."

Hartoyo akacheka, akingoja kaka yake acheke pia. Baba Ratmi hakucheka, akaendelea kutoa udongo. Fundi akaanza kukunja kamba yake polepole.

"Kaka. Mti wenyewe hauzai."

"Una kazi yake," akasema Baba Ratmi, bila kuinua kichwa.

Hartoyo alisimama kidogo. Akanitazama mimi, kama mimi ndiye niliyemtia kaka yake maneno mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hacheki. Kisha wakapanda gari, yeye na fundi wake, wakarudi nyuma hadi barabarani kwa sababu pa kugeuzia hapakuwapo.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa na miti minane ya kumsomea, na msimu mzima. Lakini nikatazama shimo, na shimo lenyewe kalichimba jembamba, mizizi ya msalaki hutandaa pembeni, katika shimo lile angepanda labda muhogo.

Nikaenda kuchukua jembe la pili.